Mama, si wewe ulinipa huu ugonjwa

Wasee, kuna neno nilimwambia mamangu mwaka jana nikajuta hapo hapo. Alikuwa ameniuliza kwa mara ya mia huu ugonjwa niliutoa wapi. Mimi na ujuaji wangu nikamjibu, "Ni jeni, Mama. Mtu huzaliwa nazo." Akanyamaza. Akaendelea kukata sukuma. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Kwa hivyo ni mimi nilikupatia."

Siku hiyo sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kama wewe ni mgeni hapa: niko na ugonjwa wa Crohn. Unaitwa hivyo kwa sababu ya Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye aliuelezea na wenzake wawili mwaka 1932. Ni uvimbe wa kudumu ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kwangu, kama kwa wengi, umekalia mwisho wa utumbo mdogo. Kabla nipewe hilo jina nilitibiwa taifodi mara mbili, amiba mara sijui ngapi, halafu vidonda vya tumbo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilijua kila choo cha kampasi, kipi kina maji na kipi mlango haufungi. Kuna mtihani nilitoka nje mara nne, msimamizi akadhani naenda kuangalia majibu. Mwaka ukiisha nilikuwa nimepoteza kilo 11 na muhula mzima. Watu husema niliacha chuo nikimbilie umaarufu mtandaoni. Ukweli ni kwamba simu ndiyo kazi pekee ningeweza kufanya nikiwa hatua tano kutoka chooni.

Mwishowe daktari mmoja akaniingiza kamera tumboni, akakata vipande vidogo vya utumbo. Kitu cha kwanza alitafuta ni TB. Hiyo ni muhimu sana hapa kwetu, juu TB ya tumbo na Crohn zinafanana kama pacha, na ukimpa mtu wa TB dawa za kutuliza kinga unaweza kummaliza. TB haikuwepo.

Sasa turudi kwa jeni. Karibu kila seli mwilini mwako imebeba seti nzima ya jeni zako. Seli ya jicho na seli ya utumbo zina jeni zile zile. Tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Ni kama nyumba iliyovutwa stima kila chumba: waya kuwepo haimaanishi taa inawaka. Jeni za uvimbe kila mtu anazo, hata wewe unayesoma hii. Bila hizo, kidonda kidogo cha kisu kingekuua.

Fikiria mtaani usiku. Mtu anapiga nduru, "Mwizi!" Milango inafunguka, watu wanatoka na rungu. Hiyo nduru mwilini ni kemikali kama TNF, na kuna jeni inayotoa maagizo ya kuitengeneza. Kwa mtu mzima wa afya, mwizi anashikwa, nduru inaisha, watu wanarudi kulala. Kwangu mimi mwizi alienda kitambo, au hakuwahi kuwepo, lakini nduru haiishi. Umati unaendelea kuja, na ukikosa mwizi unaanza kuvunja vibanda. Vibanda ndio utumbo wangu.

Kwa nini nduru isiishe? Mwaka 2001 timu mbili za watafiti zilionyesha kwamba jeni inayoitwa NOD2 inahusika. Yeye ni kama askari wa geti: kazi yake ni kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni hiyo imebadilika, na askari anasinzia. Tangu hapo, sehemu zaidi ya 200 za jeni zetu zimehusishwa na magonjwa haya ya utumbo. Nyingi zinaongeza hatari kidogo tu, na kuna watu wengi wamezibeba na hawajawahi kuugua.

Ushahidi mzuri zaidi ni pacha wa kufanana. Jeni zao ni zile zile, lakini mara nyingi mmoja anapata Crohn na mwenzake anazeeka bila. Kingekuwa ni kitu cha kupeanwa tu na mzazi, wangeugua wote. Kuna mengine yanayoingia: bakteria wanaoishi tumboni, sigara, maisha yenyewe.

Halafu kuna hii. Utafiti mwingi wa jeni hizi umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Yale mabadiliko ya NOD2 yanayojulikana sana ni nadra kwa Waafrika. Na mimi hakuna mtu amewahi kunipima jeni hata moja. Kwa hivyo nilipomwambia Mama "ni jeni," nilikuwa nimemshtaki bila shahidi.

Kitu kilichonifungua macho kilitoka London mwaka 2024. Watafiti wa Francis Crick Institute walichunguza kipande cha DNA ambacho hakina jeni hata moja, jangwa tupu. Wakapata kwamba ndani ya hilo jangwa kuna kama swichi, na inaongeza kazi ya jeni iliyo mbali kidogo, ETS2, ndani ya seli za kinga zinazoitwa makrofaji. ETS2 ikifanya kazi kupita kiasi, seli hizo zinageuka kuwa za fujo, kama zile za utumbo mgonjwa. ETS2 yenyewe haijaharibika. Imefunguliwa sauti tu, kama spika ya matatu. Kuna dawa za saratani zilizoweza kuipunguza kwa maabara, ingawa bado si tiba yetu.

Na hata dawa za sasa ndiyo kazi zinafanya. Steroidi zinaingia ndani ya seli na kuzima jeni za uvimbe, ndiyo maana zilinisaidia haraka. Pia zilinijaza mashavu hadi majirani wakasema nimenona, nimepona. Infliksimabu, iliyokubaliwa Marekani kwa Crohn mwaka 1998, inashika TNF ikiwa tayari imetoka. Hiyo ni kuziba mdomo wa anayepiga nduru. Bei yake sasa, hebu tuwache.

Wiki iliyopita niliketi na Mama kwa kibanda chake nikamweleza hii yote, nduru, umati, askari wa geti. Alisikiza hadi mwisho, akihudumia wateja katikati. Kisha akasema, "Kwa hivyo mimi nilikupatia tu mdomo wa kupiga nduru."

"Ndiyo, Mama. Na kila mtu anao."

"Sasa nani alikuambia upige usiku kucha?" Akacheka, ya kwanza tangu ile siku ya sukuma. Halafu akaniuliza kama nimemeza dawa.

Kama unaharisha mwezi mzima, unaona damu, kilo zinaenda, tafadhali usikubali dawa ya amiba ya tatu. Uliza kuhusu kipimo cha choo cha kalprotektini, ambacho huonyesha kama kuna uvimbe kwa utumbo, na uliza utumwe kwa daktari wa tumbo. Na ukiambiwa ni jeni, usiende nyumbani na hilo neno pekee. Kuna mtu jikoni atalisikia vibaya.