Kifo Kilichofutwa: Mashabiki, Watunzi na Mwisho wa Hadithi

Hadithi inapokwisha, hubaki mikononi mwa nani? Katika fasihi simulizi swali hili halikuwa zito sana, kwa kuwa fanani na hadhira walikutana uso kwa uso, na ngano iliyosimuliwa jana iliweza kurudiwa leo kwa mkondo mwingine bila ya msikilizaji kudai kwamba amedhulumiwa. Katika sanaa zinazochapwa na kurekodiwa hali ni tofauti. Mwisho hukauka kama saruji. Aliyekufa katika ukurasa wa mwisho atakuwa amekufa kila kitabu kifunuliwapo. Ndiposa mtunzi anaporudi na kuibomoa saruji hiyo, ugomvi huzuka.

Mabishano ya mashabiki wa bunilizi za kisayansi na wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, aghalabu hupuuzwa na wahakiki. Hudhaniwa kuwa ni kelele za vijana wanaoshindana kujua ni chombo gani cha angani chenye mizinga mingi kuliko kingine. Kwa hakika, kelele hizo zimo. Hata hivyo, chini yake lipo suala ambalo uhakiki wa fasihi umelishughulikia tangu zamani: je, mwisho wa kazi ni sehemu ya maana yake, au ni mahali tu ambapo mtunzi aliishiwa na pumzi?

Yafaa kwanza kutofautisha mfululizo na mwendelezo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla aliingia katika upelelezi kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na bado alikuwa kazini katika Kosa la Bwana Msa (1984). Huo ni mfululizo: kila riwaya ina fumbo lake na ufumbuzi wake, wala hakuna inayoinyang'anya iliyotangulia kitu chochote. Mwendelezo ni jambo jingine. Wenyewe huifungua hadithi iliyokwisha kufungwa, na kwa kufanya hivyo huwa umetoa hukumu juu ya mwisho wake. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka wa 1893 na kumrudisha hai mwaka wa 1903. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Lakini hapana mahali lilipojitokeza kwa uchungu zaidi kuliko Japani, katika hadithi ya manowari ya anga iitwayo Yamato.

Hadithi hiyo ilianza kuonyeshwa katika runinga mnamo Oktoba 1974. Mtayarishaji wake alikuwa Yoshinobu Nishizaki, naye mchoraji Leiji Matsumoto alikuwa miongoni mwa walioipa sura. Mwaka ni 2199. Dunia imepigwa kwa mabomu ya sumu kutoka angani hata bahari zimekauka. Katika sakafu ya bahari iliyokauka umelala mzoga wa manowari Yamato, ambayo kihistoria ilizamishwa na ndege za Marekani tarehe 7 Aprili 1945 ikiwa safarini kwenda Okinawa. Mzoga huo unafufuliwa na kugeuzwa chombo cha angani. Mabaharia wake wanatumwa umbali wa miaka ya nuru 148,000 kuleta dawa ya kuisafisha dunia, na wamepewa mwaka mmoja tu. Nahodha Okita, mzee mgonjwa, anawafikisha na kuwarudisha. Anakata roho pale tu sayari yake inapoonekana tena.

Na achukuliwe, kwa ajili ya mfano, mvulana wa Kijapani aliyekuwa na umri wa miaka 11 wakati huo. Saa hiyohiyo ya Jumapili jioni, kituo kingine kilikuwa kikionyesha Heidi, hadithi ya msichana wa milima ya Alps. Nyumba ina runinga moja, na binamu yake mkubwa anataka Heidi. Yamkini mvulana alishindwa mara nyingi, kwani watazamaji wengi wa nchi hiyo walimpendelea Heidi pia. Yamato ilikatizwa baada ya vipindi 26 badala ya 39 vilivyokusudiwa. Iliyoiokoa ni subira ya wachache. Vipindi viliporudiwa, waliovikosa walivipata, vyama vya mashabiki vikaundwa, na filamu iliyounganishwa kutokana na vipindi hivyo ilipotoka Agosti 1977, vijana walipanga foleni usiku kucha nje ya kumbi za sinema. Katika foleni hiyo wawekwe mvulana na binamu yake, ambaye sasa ameongoka.

Hapa ndipo mzizi wa fitina ulipo. Kazi iliyoinuliwa na watazamaji wake huwafanya wajione kuwa wabia. Wao ndio walioilinda ilipokuwa haina thamani sokoni. Itakuwaje basi waambiwe kwamba hawana sauti?

Agosti 1978 ilikuja filamu ya pili, ambayo jina lenyewe lilikuwa la kuaga. Adui mpya anakuja ndani ya nyota yenye mkia mweupe. Mmoja baada ya mwingine, mabaharia ambao watazamaji waliwazoea kwa miaka minne wanauawa. Yuki, mchumba wa kiongozi kijana Kodai, anafariki. Hatimaye Kodai anabaki na maiti ya mchumba wake mbele ya usukani na kuielekeza manowari kifuani mwa adui. Maandishi ya kufungia yakawaambia watazamaji kwamba Yamato haitatokea tena mbele yao. Kumbi zililia. Kijana wa mfano wetu, ambaye sasa ana miaka 15, alilia pia, na hakuona haya.

Oktoba ya mwaka huohuo, runinga ilianza kuvisimulia vita vilevile upya. Kufikia Aprili 1979 mwisho ulikuwa umebadilika: Kodai yu hai, Yuki yu hai, na anayejitoa mhanga ni Teresa, kiumbe wa sayari ya mbali. Miendelezo yote iliyofuata katika miaka ile ilishika njia ya runinga. Ile filamu ya kuaga ikaachwa peke yake, kama kaburi ambalo mwenyewe ameonekana sokoni akinunua samaki.

Vijana wetu wawili waligawanyika, na mgawanyiko wao ni wa mashabiki wengi. Hoja ya mvulana ilikuwa ya mtu aliyetapeliwa. Chozi, alisema, ni kitu ambacho hadhira humpa mtunzi kwa masharti. Sharti mojawapo ni kwamba kilicholiliwa kimetokea kweli katika ulimwengu wa hadithi. Aliyeambiwa aage, akaaga, kisha akaletewa maiti akitabasamu, atawezaje kuaga tena siku nyingine? Hoja hii ina nguvu ya kihakiki. Tanzia haiwezi kusimama pasipo jambo lisilorudi nyuma. Ukiondoa kutorudi nyuma, kinachosalia ni msisimko wa muda.

Binamu aliona vingine. Alimkumbusha kwamba meli ile ina jina, na jina lina historia. Yamato ya 1945 ilitumwa vitani bila ya ulinzi wa ndege, huku wakubwa wakijua kwamba haitarudi, na zaidi ya watu 2,000 wakafa nayo. Je, ni jambo dogo kuwafundisha vijana, miaka 33 baadaye, kwamba kilele cha mapenzi na ushujaa ni kuiendesha meli hiyohiyo katika kifo? Hakuwa peke yake. Matsumoto mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasioridhika na mwisho wa vijana kujiangamiza. Kwa mtazamo huu, toleo la runinga lilikuwa jibu. Lilisema kwamba kijana aliyesalia hai ana kazi kubwa zaidi kuliko kijana aliyekufa vizuri.

Ni vigumu kumwambia mmoja wao kwamba amekosea. Mmoja anatetea ukweli wa sanaa. Mwingine anatetea uhai. Na lau jambo lingeishia hapo, mwendelezo wa Yamato ungebaki kuwa mfano bora wa kazi inayojihoji yenyewe.

Lakini halikuishia hapo. Mwaka wa 1983 ilitoka filamu iliyotangazwa kuwa ndiyo ya mwisho hasa, na ndani yake akarudi Nahodha Okita, yule mzee aliyekata roho mwaka wa 1975 katika kipindi cha mwisho cha hadithi ya kwanza. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hakuwa amekufa kabisa, daktari alikosea. Hata binamu hakuweza kuutetea uamuzi huu. Kufufuliwa kwa Kodai kulikuwa kunabishana na mwisho wa awali. Kulisema kifo kile kilikuwa na kasoro ya kimaadili. Kufufuliwa kwa Okita hakukubishana na lolote. Kifo cha Okita hakikuwa na kasoro: alikuwa mgonjwa, alimaliza kazi, aliiona nyumbani, akafa. Alirudishwa kwa sababu alipendwa, na kwa sababu tiketi zilihitaji kuuzwa.

Kutokana na mifano hii miwili chaweza kupatikana kigezo. Mwendelezo hauhukumiwi kwa kufufua au kutofufua, bali kwa gharama. Filamu za Star Trek za Marekani zatoa ushahidi. Mwaka wa 1982 Spock alikufa akiiokoa meli yake; mwaka wa 1984 akarudishwa, na filamu hiyo ikaongozwa na Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock mwenyewe. Wapo mashabiki ambao hawajaisamehe hadi leo. Hata hivyo, ili Spock arudi, Kirk alimpoteza mwanawe na kuiteketeza meli yake Enterprise kwa amri yake mwenyewe. Kifo hakikufutwa bure. Kilinunuliwa kwa vifo vingine. Mtazamaji anaweza kusema bei ilikuwa kubwa au ndogo, lakini hawezi kusema kwamba hapakuwa na bei. Kwa Okita hapakuwa na bei yoyote, ila kosa la daktari.

Ikumbukwe pia kwamba shabiki si mlalamikaji asiye na hatia. Anayelaani mwendelezo ndiye anayewahi mstari wa mbele kuununua. Jambo hili lilioneshwa waziwazi na Hideaki Anno, mtunzi aliyezaliwa mwaka wa 1960 na ambaye katika ujana wake alikuwa shabiki mkubwa wa Yamato. Hadithi yake Evangelion ilipokamilika katika runinga mwaka wa 1996, vipindi viwili vya mwisho viliacha vita vikining'inia na kuingia ndani ya nafsi ya mhusika mkuu. Wengi walikasirika. Filamu ya mwaka wa 1997 ikaleta mwisho mwingine, wa kutisha, na katikati yake zikapita picha za watazamaji halisi wameketi ukumbini, pamoja na maandishi ya chuki aliyoandikiwa mtunzi. Hadhira iliyodai mwisho ikaonyeshwa uso wake. Miaka 24 baadaye, mwaka wa 2021, Anno alirudi kufunga tena. Safari hii mhusika wake anawaaga wenzake kwa zamu, kisha anatoka mbio katika kituo cha reli cha mji wa Ube, alikozaliwa mtunzi. Ulikuwa mwendelezo uliofanya kazi ambayo mwendelezo huikwepa, nayo ni kuaga.

Yamato nayo ilisimuliwa upya kuanzia mwaka wa 2012, na kati ya 2017 na 2019 zamu ya ile hadithi ya kuaga ikafika. Watayarishaji wapya walikuwa na miisho miwili mbele yao, wa ukumbini na wa runinga, na kila mmoja ulikuwa na jeshi lake la mashabiki. Walichokifanya chastahili kuzingatiwa. Kodai anaielekeza meli katika kifo kama alivyofanya mwaka wa 1978. Kisha hugundulika kwamba anaweza kurudishwa, ila kwa sharti moja: wanadamu waiharibu nguvu ya ajabu iliyowawezesha kujenga majeshi yao kwa kasi isiyo na kifani. Basi watu wa dunia wanapiga kura. Swali lililo mbele yao ni kama mtu mmoja aliyechoka, asiyetaka hata mwenyewe kurudi, anastahili gharama hiyo. Wanakubali kulipa.

Wapo waliouona mwisho huo kuwa mtamu kupita kiasi, na lawama hiyo haikosi msingi. Kura ni njia ya haraka mno ya kuponya jeraha la miaka 40. Lakini ni jambo la nadra kuona mjadala wa mashabiki ukiingizwa ndani ya hadithi yenyewe na kupewa uzito wa uamuzi. Hoja ya mvulana imo: kifo kilitokea, na hakirudishwi pasipo hasara. Hoja ya binamu imo: afadhali silaha zipotee kuliko kijana.

Kwa hiyo mhakiki hana budi kuyasikiliza mabishano haya badala ya kuyacheka. Wanaobishana juu ya Okita na Spock wanauliza ni nini mtunzi anaidai hadhira, na hadhira inamdai nini mtunzi. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba studio ya Anno, Khara, itatengeneza Yamato mpya: shabiki wa zamani amekabidhiwa usukani.

Na wale wawili? Mwaka wa 2019 mvulana alikuwa amekwisha kutimiza miaka 56. Na wachukuliwe kuwa walikwenda pamoja kuitazama sehemu ya mwisho, wakatoka nje kimya, na kwamba binamu alikuwa akijifuta macho. Yeye hakulia. Chozi lake la mwaka wa 1978, alimwambia, lilikuwa bado halijalipwa lote. Wakaendelea kubishana hadi kituo cha treni.