Macho Yadanganyapo Juu ya Mlima Kenya

Msafiri atokaye Naro Moru kuukwea Mlima Kenya hupita msitu wa mianzi, kisha hupambana na kinamasi cha mteremko mkali, na jioni ya siku ya pili hufika kambi ya Mackinder katika bonde la Teleki, kimo cha mita 4,200. Hapo maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, na maharagwe hukataa kuiva.

Mnamo saa nane au tisa za usiku viongozi huwaamsha watu, ili wafike kilele cha Lenana, mita 4,985, kabla ya jua kuchomoza. Ndipo macho huanza kudanganya. Hewa ya huko ina oksijeni sehemu 21 katika mia, sawasawa na ya Mombasa. Lakini ni nyepesi mno, hata kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Sehemu ya jicho itumikayo gizani huhitaji oksijeni nyingi sana, nayo hulegea mapema. Nyota hupungua, njia ya changarawe hufifia, na mtu huilaumu tochi yake bure. Akivuta oksijeni ya chupa, nuru humrudia kwa dakika chache. Marubani hushauriwa kuitumia usiku tangu mita 1,500 hivi, na Nairobi yenyewe imepita kimo hicho!

Masikio hustahimili zaidi. Lililo baya ni kwamba akili nayo hulegea, na mwenyewe hana habari. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith, wakapita mita 8,000. Gaston Tissandier alieleza baadaye kwamba huko juu hakuona hofu, bali furaha. Wenzake wawili walikufa, naye akashuka hali amepoteza kusikia.

Kwa sababu hiyo kiongozi mzoefu hategemei kumwuliza mgeni kama ni mzima, maana atajibiwa kuwa ni mzima. Humtazama akifunga kamba za viatu, na husikiliza kama maneno yake yanafuatana. Akimwona anapepesuka humrudisha, hata kama Lenana imebaki mita mia tu, na hata kama mgeni anafoka kwamba amelipa fedha nyingi. Mara nyingi, wakifika kambini, hasira imekwisha, naye huomba chai.