Masaa Manne ya Mchana

"Yaani huko, mwanangu, unakwenda kazini mara mbili kwa siku moja?"

Ndivyo alivyoniuliza mamangu mwaka 2008, nilipompigia simu Kisauni, Mombasa, kumweleza saa zangu mpya za kazi. Sikuwa na jibu ila ndiyo. Kliniki iliyoniajiri Deira, Dubai, ilifungua mlango saa tatu asubuhi, ikafunga saa saba mchana, kisha ikafungua tena saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Sisi tuliita spliti. Wala haikuwa kliniki yetu peke yake. Duka la dawa la chini yetu lilifunga, muuza vitambaa wa jirani alifunga, na fundi wa saa aliteremsha shata akajinyoosha sakafuni. Mji wa joto una adabu zake. Mgonjwa mwenye homa ya kawaida hatoki nje mwezi wa Julai kabla ya alasiri, na kliniki ya binafsi humfuata mgonjwa.

Mimi nilitoka Makadara, hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa, nilikozoea zamu tatu: asubuhi, alasiri, usiku. Ukishakabidhi ripoti, siku iliyobaki ni yako. Dubai nilikuta siku iliyopasuliwa katikati kama nazi.

Kwa karatasi hesabu ilikuwa safi. Masaa manane kwa siku, siku sita, 48 kwa wiki, sawasawa na sheria ya kazi ya mwaka 1980. Lakini yale masaa manne ya mchana hayakuhesabiwa popote. Mwajiri hakuyalipa, nami sikuweza kuyatumia. Tulikaa wanawake sita katika chumba kimoja mtaa wa Naif, vitanda vya ghorofa vitatu, kila kitanda na pazia lake. Asubuhi nilitembea upande wa kushoto wa barabara kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli. Saa saba mchana hakukuwa na kivuli upande wowote. Nilifika chumbani na mgongo wa yunifomu umechora ramani nyeupe ya chumvi. Basi nafua, naanika karibu na kiyoyozi, nalala kama saa moja hivi na sikio wazi, naamka, napiga pasi. Nilipiga pasi yunifomu moja mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka mitano. Nikiulizwa kazi ya uuguzi Dubai ilikuwaje siku hizo, sindano na dripu haziji kwanza. Inakuja harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi.

Nilimwacha binti yangu wa miaka mitano kwa nyanya yake. Mombasa iko nyuma ya Dubai kwa saa moja, tofauti ndogo tu, lakini spliti iliifanya kuwa bahari. Nilipokuwa huru mchana, yeye yuko shule. Nilipotoka saa tatu usiku, kwao saa mbili, ameshasinzia mkekani. Ilibaki Ijumaa. Sheria ile ya 1980 iliitaja Ijumaa kwa jina kuwa siku ya mapumziko. Kenya, Ijumaa ni siku ya shule kama nyingine. Kwa hiyo siku yangu ya ofu nilisubiri hadi alasiri, kadi ya simu mkononi, arudi kutoka darasani. Tulizungumza mpaka sauti ya mashine ilipotuambia imebaki dakika moja.

Wenzangu waliotangulia walisema mimi nina bahati, kwani hadi 2006 wikendi ya serikali ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, ndipo Septemba mwaka huo ikasogezwa kuwa Ijumaa na Jumamosi. Sikuona bahati yenyewe iko wapi. Sisi wa kliniki tulikuwa na siku moja tu, iwe wikendi ni Alhamisi au Jumatano.

Tarehe 9 Septemba 2009 Metro ilianza, stesheni kumi tu kwanza. Nilikuwa napanda Union mchana, nateremka Mall of the Emirates, nazunguka kwenye ubaridi bila kununua kitu, narudi. Pale nilianza kukutana na Waswahili wengine wa spliti: kijana wa Tanga wa duka la simu, dada wa Malindi wa saluni. Tulikaa kwenye benchi tukibishana habari za kwetu hadi saa kumi, kisha kila mtu akakimbilia mlango wake. Niliichukia spliti, nataka ieleweke hivyo. Lakini marafiki nilio nao mpaka leo niliwapata ndani ya yale masaa yasiyolipwa.

Kilichoiua spliti kwetu ni bima. Sheria namba 11 ya mwaka 2013 ililazimisha kila mkazi wa Dubai awe na bima ya afya, na kuanzia 2014 makampuni makubwa yakatangulia, madogo yakafuata. Mtu aliyekuwa akimeza vidonge vya dukani sasa alikuja na kadi yake, na alikuja saa yoyote aliyopewa ruhusa na bosi wake. Kliniki iliyofunga mchana ilimpoteza kwa jirani. Yetu ikaanza kufungua moja kwa moja. Lakini wakati huo mimi nilishahamia hospitali, kwenye zamu za masaa kumi na mawili.

Ratiba iliandikwa 0700 na 1900. Nami kimoyomoyo nilisoma saa moja na saa moja. Zamu nne kwa wiki, masaa 48 yaleyale, ofu tatu. Niliwatangazia watu wa nyumbani kwamba nimeukata. Ila ripoti ya kupokezana ilimeza nusu saa kila upande, na kwa kuwa nilihamia Sharjah kufuata kodi nafuu, basi lilinichukua saa kumi na moja na robo alfajiri na kunirudisha saa mbili na nusu usiku, foleni ya barabara ya Al Ittihad ikikubali. Ofu ya kwanza nililala. Ya pili nilifua. Ya tatu nilikuwa mtu.

Ramadhani sheria hupunguza masaa mawili ya kazi kwa siku. Maofisini watu huondoka mapema. Wodini kwetu masaa hayo yaliandikwa kwenye daftari kama deni la kulipwa baadaye, na madeni ya daftari mnayajua. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Usiku mmoja kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mzaliwa wa Unguja, mmoja wa waliovuka baada ya Mapinduzi ya 1964. Akamuuliza muuguzi Mfilipino saa. Akajibiwa kwa Kiingereza kwamba ni kumi. Bibi akageuza kichwani kwa Kiswahili, akaketi kitandani na kulia: "Saa kumi! Daku imenipita!" Nikaja mbio. "Bado, bibi, ni saa nne. Hiyo kumi yao ndiyo nne yetu." Akanitazama kwa shaka. "Na wewe unafuata saa ya nani?" Nikamwonyesha giza nje na taa za magari. Akarudisha kichwa kwenye mto, akaniomba nimwamshe saa tisa. Nilimwamsha.

Mwaka 2020, ule wa korona, sitaki kukaa nao sana. Kuanzia tarehe 4 Aprili Dubai ilifungwa usiku na mchana, na basi letu lilipita Al Ittihad tupu kwa dakika kumi na tano. Miaka yote niliomba barabara iwe hivyo. Siku hizo hakuna aliyetuuliza tunatoka saa ngapi, nasi hatukuuliza.

Kisha tarehe 1 Januari 2022 wikendi ikahama tena, ikawa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku kwa serikali. Sala ya Ijumaa ikawekwa saa saba na robo mchana. Sharjah ikachukua siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, hivyo watoto wa jirani yangu wanacheza korido Ijumaa asubuhi ninaporudi kutoka kazini. Mwezi uliofuata sheria mpya ya kazi ikaanza, na siku ya mapumziko sasa ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba wako. Jina la Ijumaa limetoka.

Kwa hiyo wikendi ya Dubai sasa imelingana na ya Kenya. Nilimsubiri mtoto Ijumaa alasiri kwa miaka, na kalenda imekaa sawa yeye akiwa na miaka 19, chuoni Mombasa anasomea uuguzi, na mimi kwenye wodi ambayo ratiba yake haijui Jumamosi.

Juzi simu iliwaka nikiwa kwenye mapumziko ya usiku, kikombe cha chai mkononi. Kwangu saa nane, kwake saa saba.

"Mama, umelala?"

"Niko naiti. Wewe je?"

"Niko naiti pia, mafunzo ya wodini. Usiku wa tatu huu. Miguu imevimba."

"Vaa soksi za kubana. Unatoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Wewe?"

"Saa moja, mpaka nimalize ripoti."

Nikapiga hesabu ya ule mwendo wa saa moja na foleni ya basi. "Ukifika nyumbani nitakuwa nimelala," nikamwambia.

"Nipigie mchana basi."

"Saa ngapi?"

Akacheka. "Ngoja nitazame ratiba."