Kimo cha Baba, Kimo cha Mwana

Waswahili husema maji hufuata mkondo. Methali hii niliichukia tangu utotoni, kwani kila iliponenwa mbele yangu ilimlenga mama.

Nyumbani kwetu ni Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro. Baba ana kimo cha sentimita 185 na mama 172. Mimi, kifungua mimba wao, nimekomea 168, ilhali ndugu yangu aliyezaliwa mwaka 2004 huinamisha kichwa apitapo mlangoni. Majirani hawakukosa la kusema. "Huyu kamtoa wapi?" walinong'onezana kisimani, wakidhani mtoto hasikii.

Mwaka jana, nikiandaa wasilisho la darasani kuhusu methali za urithi na malezi, nilitaka kujua sayansi inasemaje. Madaktari wa watoto wana kanuni nyepesi: jumlisha vimo vya wazazi wawili, ongeza sentimita 13 kwa mtoto wa kiume au uondoe 13 kwa wa kike, kisha ugawe kwa mbili. Nilikokotoa nikapata 185. Kanuni hiyo hukadiria tu, na mtoto aweza kuzidi au kupungua kwa sentimita 10 hivi. Upungufu wangu ulikuwa 17. Usiku huo, Mungu anisamehe, nami nilimshuku mama.

Niliendelea kusoma. Mwaka 1886 Francis Galton wa Uingereza alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu mno aghalabu huwapungukia wazazi wao na kukaribia wastani. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza watu zaidi ya milioni 5 walibaini tofauti za jeni zipatazo 12,000 zinazohusiana na kimo. Urithi, basi, una nguvu kubwa. Hata hivyo, jeni huweka uwezo tu. Chakula na afya, hasa tangu mimba hadi umri wa miaka 2, huamua iwapo uwezo huo utatimia.

Nilizaliwa mwaka 1999, ukame uliodumu hadi 2001 ulipoanza. Likizoni nilimuuliza mama kuhusu miaka hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwanangu, wanayoyasema kisimani nayajua tangu zamani. Ng'ombe walikufa. Baba yako aliwapeleka waliosalia Chyulu, nami nikabaki nawe. Maziwa hayakuwepo. Nilikunywesha uji mtupu, na tumbo lilikuendesha kila mara. Mdogo wako alizaliwa maziwa yamerudi."

Nilishindwa kumtazama usoni. Siwezi kupima ni sentimita ngapi zilizochukuliwa na ukame na ngapi ni bahati ya jeni tu. Ninachojua ni kwamba mama hakuwa na deni kwa yeyote.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Si ajabu baadhi ya mama zao hutazamwa kwa jicho lile lile.

Wahenga hawakukosea: maji hufuata mkondo. Lakini mkondo nao hukauka. Ndipo wakatuachia methali nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hiyo naisoma kwa tahadhari siku hizi, isije ikamtwika mama lawama za mvua.