Bibi wa Mvua za Uhuru

Kitambulisho cha bibi kilisema kazaliwa 1 Januari 1958. Mjukuu wake, kijana wa Dar, hakuwahi kujiuliza mara mbili. Bibi alipofariki Ngenge, wilayani Muleba, usiku wa Ijumaa tarehe 4 Novemba 2022, jamaa akaichukua tarehe hiyo hiyo akaanza kuandaa ratiba ya mazishi kwenye simu.

Alitamani kwenda na ndege ya Jumapili, nauli ikamshinda. Akapanda basi Jumamosi alfajiri, usiku wakalala Kahama. Kesho yake asubuhi simu ikaanza kuita mfululizo. Ndege iliyotoka Dar imeanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa mbaya. Ndani walikuwa watu 43. 19 walipoteza maisha. Kule msibani wengi walijua na yeye yumo. Mama yake aliposikia "haloo" yake tu, akakaa chini akalia upya, na safari hii hakuwa anamlilia marehemu.

Alifika mvua inanyesha. Kaburi limeshachimbwa kibanjani, katikati ya migomba, limefunikwa turubai. Fundi wa msalaba akauliza, "Tuandike kazaliwa lini?" Jamaa akasoma kwenye simu: 1958.

Dada mkubwa wa marehemu akainua kichwa. "Nani kakwambia, mjukuu wangu? Huyo kazaliwa mvua za uhuru. Mama yuko ndani na uchungu, sisi watoto tuko nje tunakamata senene. Kesho yake wanaume wakasema leo ndiyo uhuru, nchi ni ya Nyerere."

Kimya. Watu wakapiga hesabu. Uhuru ni 9 Desemba 1961. Na mvua za mwisho wa mwaka ule hazikuwa mchezo, zilijaza Ziwa Victoria, likaendelea kupanda hadi 1964, zaidi ya mita mbili. Kumbe bibi alikuwa na tarehe yake kamili miaka yote. Wakati wa kuandikishwa alisema hajui, na kweli alikuwa hajui namba. Senene hakuna aliyemuuliza.

Msalaba ukaandikwa 8 Desemba 1961.

Siku hizi ukiuliza pale kijijini yule mama alifariki lini, hakuna anayetaja tarehe. Wanakwambia: wiki ile ndege ilipoanguka ziwani.

Na wewe, bibi yako kazaliwa mvua gani? Muulize angali yupo.