Juu ya Marungu, Siku ya Mvua ya Mawe

Ninyi mnaokaa Moba kando ya Ziwa Tanganyika mnaiona milima ya Marungu kila asubuhi, lakini wengi wenu hamjaipanda hata siku moja. Kutoka chini inaonekana kama ukuta. Kumbe, mtu akimaliza kupanda haoni kilele. Anaona uwanda wa majani, unaoinuka na kushuka polepole kama migongo ya ng'ombe waliolala, bila nyumba, mpaka macho yanachoka. Miti iko mabondeni, msitu mwembamba unaofuata mito. Sisi tumetembea huko miaka mingi kwa kazi ya kufundisha, tukadhani tunapajua. Leo tunawaeleza siku tuliyoonekana wajinga.

Kwanza habari ya baridi. Ziwa liko karibu meta 770 juu ya bahari, na Marungu, upande wa kusini wa mto Mulobozi, inafika meta 2,460. Mtu akipanda meta 1,000, joto linapungua kadiri ya digri sita. Basi siku ambayo watu wa ziwani wanatoa jasho kwa digri 28, kule juu ni kama 18 tu, tena kabla ya mvua na upepo. Nguo zilizolowa, zikipigwa na upepo, hunyang'anya mwili joto upesi sana. Haihitaji theluji ili mtu afe kwa baridi. Mambo haya tuliyasoma katika seminari ndogo, tukayaweka pamoja na habari za Ulaya, kana kwamba hayatuhusu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika. Tulikuwa sisi walimu wawili, na kijana wa miaka kumi na sita hivi aliyetubebea sanduku la vitabu. Tulikuwa tumelala kwa wachungaji wa ng'ombe, na asubuhi jua lilikuwa zuri kabisa. Mzee mwenye kambi alitutazama tukifunga mizigo, akasema, "Walimu wangu, ngojeni kwanza. Upepo umegeuka usiku, na ng'ombe hawataki kwenda juu."

Tukamjibu, "Baba, na jua hili je?"

"Jua la huku ni mgeni," akasema. "Linaondoka bila kuaga."

Tulicheka kwa heshima, tukaenda. Watu walikuwa wakitungoja katika shapeli ya ng'ambo, mwendo wa saa sita. Tena, tuseme kweli: mwaka uliotangulia mwalimu mwenzetu alirudi nyuma kwa sababu ya wingu moja, nasi tulimfanyia mzaha mpaka Noeli. Nani angependa kuchekwa namna hiyo?

Saa tano wingu lilitoka upande wa ziwa. Halikuja kama wingu la chini, ambalo unaliona mbali ukapata nafasi ya kuanua nguo. Lilipanda ukingoni kama moshi, na kabla hatujamaliza kusema neno, jua lilikuwa limekwisha. Umeme ukapiga. Tukahesabu kama tulivyofundishwa, kwa maana sauti ya ngurumo hutembea kilometa moja kwa sekunde tatu hivi, tukafika sita. Kilometa mbili! Na juu ya uwanda ule sisi ndio tulikuwa miti. Tulishuka mgongoni upesi mpaka mahali penye bonde dogo, tukaachana hatua nyingi, tukachuchumaa, miguu pamoja, tukaliacha mbali sanduku lenye kufuli la chuma. Ndipo ikaja mvua ya mawe. Iliyeyukia shingoni, ikaingia ndani ya mashati, na baada yake upepo.

Ngurumo zilipokwenda mbali, tulisimama tukaendelea. Hapo ndipo kosa letu kubwa. Kijana alikuwa akitetemeka sana, meno yakigongana, na alilalamika: "Mwalimu, baridi. Mwalimu, tupumzike." Tulimwambia ajikaze kiume. Ukungu ukashuka, njia ikawa alama nyembamba katika majani, nasi tulikuwa na shughuli ya kutoipoteza. Simu haikushika rezo, wala tusingejua kuwaambia watu tuko wapi. Baada ya muda kijana alinyamaza. Hakulalamika tena, hakutetemeka tena. Mmoja wetu akasema, "Unaona, sasa amekuwa mwanamume." Tulimsifu, wasomaji. Tulimsifu mtoto aliyekuwa anakufa.

Alianguka mara mbili mahali pasipo na jiwe. Tulipomwuliza jina la kijiji cha mama yake, jibu lilitoka limechanganyika kama la mlevi. Alitaka kukaa, alisema anasikia vizuri tu. Hapo tuliogopa. Tukaacha njia, tukashuka upande usio na upepo, mpaka msitu wa mto. Maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya matofali, hatukujaribu kuyavuka. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na kiberiti kilikuwa uji.

Ilibidi kumvua nguo zake. Lakini tumvike nini? Katika mizigo yetu kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: vitambaa vya altare, vyeupe, vilivyofungwa katika plastiki pamoja na kanzu ya padri, kwa ajili ya Misa ya Jumapili. Masista walikuwa wamevifua na kuvipiga pasi. Tulitazamana. Hatutaki kuwadanganya: tulikaa kidogo bila kufanya neno, labda kadiri ya Salamu Maria tatu, na ule muda unatuuma kuliko mvua ya mawe. Kisha tulivifungua. Tulimvika kanzu, tukamfunga vitambaa kichwani na kifuani, tukakata majani mengi tukayatandika chini yake ili ardhi isimle joto, tukamlaza katikati yetu, mmoja huku na mmoja huku, na ile plastiki juu.

Hatukumsugua mikono wala miguu. Hilo tulifanya kwa kutojua tu, si kwa akili. Muuguzi alitueleza baadaye kwamba kumsugua mtu wa namna hii kungeweza kumdhuru, na pombe pia, ingawa wengi huisifu. Alipoanza kutetemeka tena, sisi tulifurahi kama watu waliosikia mtoto mchanga akilia. Alipoweza kumeza vizuri tulimpa asali kidogo kidogo.

Jua lilirudi saa kumi, bila haya. Tulimshika mikono, tukarudi kambini kwa wachungaji, si mbele kwenye shapeli. Mzee hakutukumbusha maneno yake ya asubuhi. Alitazama ile kanzu yenye matope, akamwita mkewe alete maziwa ya moto.

Padri alipofungua vitambaa Jumapili vilikuwa na alama za majani ambazo sabuni haikuziweza. Tulimweleza yote. Akavitandika altareni vilevile, alama zikiwa upande wa watu.

Yule mwenzetu aliyerudi nyuma kwa sababu ya wingu, tulikwenda kumwomba radhi. Siku hizi tunapotembea na kijana, yeye hutangulia kwa wachungaji asubuhi kuuliza habari za ng'ombe, na wakisema wamekataa kupanda, anakuja kukaa motoni bila hata kutuuliza.