Muhuri wa Mwenyekiti na Mipaka ya Mamlaka

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanaweza kubishana saa nzima kuhusu uchaguzi wa Marekani. Nikiwauliza jina la mwenyekiti wa mtaa wanaopanga vyumba, wengi hucheka. Kicheko hicho nakielewa. Cheo chenyewe hakina gari wala mlinzi, na ofisi yake aghalabu ni chumba kimoja chenye meza, benchi la wageni na kidau cha wino wa muhuri.

Hata hivyo, ndugu msomaji, muhuri huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Anayeomba kitambulisho cha taifa hupita pale. Anayetaka kumdhamini ndugu yake hutakiwa kuleta barua kutoka pale. Anayeuza kiwanja ambacho hakijapimwa huandikiana na mnunuzi pale, mbele ya mashahidi. Mjane anayeanza safari ya kudai mirathi, mara nyingi mlango wa kwanza anaoubisha ni huo. Kwa mtu wa kawaida dola haianzii bungeni. Inaanzia kwenye chumba hicho, na sura ya dola atakayoibeba moyoni ni sura ya yule aliyemkuta ameketi nyuma ya meza.

Kijijini uzito wake huzidi, kwa sababu huko kuna ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini papo hapo inaifunga mikono: haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Naiona kanuni hiyo kuwa miongoni mwa mambo ya busara zaidi katika sheria zetu. Waliochaguliwa wamepewa madaraka, na waliowachagua wamebaki na neno la mwisho juu ya kitu ambacho kikishapotea hakirudi.

Niliiona kanuni hiyo ikijaribiwa katika kijiji alikozaliwa mama yangu. Alifika mtu aliyetaka eneo la malisho kwa ajili ya shamba kubwa. Alikuja akisindikizwa na watu wazito, na baada ya muda mfupi ikasemekana kwamba kijiji kimekwisha kukubali. Mjomba wangu, mfugaji asiye na cheo chochote, alisimama katika mkutano akauliza jambo moja: mkutano mkuu uliokubali ulikaa lini? Muhtasari ukaletwa. Ulikuwa na orodha ndefu ya majina na saini. Watu walipoanza kuyasoma majina yao wenyewe, wakaikumbuka ile karatasi: walikuwa wameisaini siku ya kugawiwa vyandarua.

Ardhi haikutolewa. Lakini wiki iliyofuata mjomba aliitwa wilayani, akalala mahabusu siku mbili kwa kosa la kuchochea wananchi, kisha akaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Alirudi nyumbani akiwa kimya. Shangazi yangu aliniambia kwamba jambo lililomuuma zaidi si sakafu ya saruji aliyolalia, bali kwamba hakuna aliyemwandikia popote kosa lake ni nini.

Hapa ndipo suala la mipaka ya serikali linapoacha kuwa nadharia ya darasani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, ikiwa wana sababu ya kuamini kwamba ametenda kosa linalostahili kukamatwa au kwamba anahatarisha amani. Sheria yenyewe inataka mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu ndani ya muda huo, ama aachiwe. Ukiisoma taratibu utaona kuwa ilikusudiwa iwe ya dharura. Lakini mamlaka ya dharura yakikabidhiwa mtu ambaye hakuchaguliwa na wale anaowatawala, wala hawana namna ya kumwondoa, hayakawii kugeuka kuwa fimbo ya kila siku. Saa 48 hazionekani kuwa nyingi kwa anayezihesabu akiwa ofisini. Kwa kijiji kizima kinachotazama, zinatosha kuwafundisha watu wasiulize tena swali kama lile la mjomba.

Kuna wanaosema kwamba nchi changa inahitaji serikali yenye mkono mrefu, na kwamba mabaraza ya vijijini ni anasa. Tulikwisha kulijaribu hilo. Kuanzia mwaka 1972 mabaraza ya wilaya na miji yalivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani, ambako yalishikwa na maofisa wa serikali kuu. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Miji ikazidiwa na taka na barabara mbovu, hata ikalazimu mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978; yale ya wilaya yakafuata kwa sheria za mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye, hadharani, kwamba kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Katiba yetu sasa, katika ibara ya 145 na ya 146, inasema zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka.

Kusema kwamba zipo ni jambo moja. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Kodi ya majengo, ambayo duniani kote ni chakula cha halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. (Nakiri kwamba ni njia nyepesi mno ya kukusanya kodi, mtu hulipa bila hata kujua kwamba amelipa, na asiyejua kwamba amelipa hawezi kuuliza pesa zake zimekwenda wapi.) Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa nao husimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali kuu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa sababu za ujazaji wa fomu, vyama vyao vikuu vikajitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, na bado katika vijiji, vitongoji na mitaa chama hicho kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98. Msomaji mwenye mapenzi na chama hicho asinielewe vibaya. Kina wanachama waaminifu vijijini, na baadhi yao ndio waliopiga kelele siku ile ya vyandarua. Hoja yangu ni kwamba mwenyekiti ambaye hakuwa na mshindani hana sababu ya kuwaogopa waliompigia kura. Ana sababu nyingi za kumwogopa aliyempitishia jina.

Mjomba aliombwa na majirani zake agombee. Hakuwa mwanachama wa chama chochote, na hakutaka kuwa, kwa hiyo habari ikaishia hapo. Kwetu hata kitongoji chenye kaya sitini hakiwezi kuongozwa na mtu asiye na kadi ya chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua mwaka 2013, katika shauri lililomhusisha marehemu Mchungaji Mtikila, kwamba kuzuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia. Kizuizi bado kipo. Naweza kuelewa, bila kukubali, hofu ya mgombea binafsi wa urais. Hofu ya mgombea binafsi wa kitongoji siielewi kabisa.

Nisije nikaonekana napamba. Udhalimu mdogo nao ni udhalimu. Wapo wenyeviti waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wapo wanaotoza pesa kwa kila muhuri ilhali hakuna sheria inayowaruhusu. Mipaka ninayoidai kwa mkuu wa wilaya naidai vilevile kwa mwenyekiti wa kijiji, na tofauti iliyopo ni kwamba huyu wa pili naweza kumfikia kwa miguu. Utaratibu unamtaka aitishe mkutano mkuu walau kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Haihitaji wakili wala shahada kusimama na kuuliza mifuko ya saruji iliyonunuliwa kwa ajili ya darasa imekwenda wapi. Inahitaji watu thelathini waliokuja pamoja, ili asipatikane mmoja wa kuitwa mchochezi. Harakati ninazozithamini zina sura hiyo: watu wanaojua tarehe ya mkutano, wanaokuja na nakala ya muhtasari uliopita, na wasioondoka mpaka swali lijibiwe.

Vijana wengi wa mjini huniuliza kwa nini wapoteze siku kujiandikisha kupiga kura ambayo matokeo yake yanajulikana. Sina jibu la kuwafariji. Nawaambia kwamba uchaguzi ujao wa mitaa, kwa hesabu ya miaka mitano mitano, ni mwaka 2029, na kwamba kati ya sasa na wakati huo kuna mikutano mikuu isiyopungua kumi ambayo haihitaji mtu awe amejiandikisha kokote.

Mjomba ana daftari la shule ambamo huandika tarehe ya kila mkutano mkuu, idadi ya waliohudhuria na maswali yaliyoulizwa. Kwa mwaka jana ameandika mikutano miwili. Pembeni ameweka alama kwenye miezi ambayo mkutano haukuitishwa, na anasema ataisoma orodha hiyo kwa sauti siku watakapoitwa tena.